Minada Miwili: Daftari la Safari ya Karamoja

Jumanne, 12 Machi 2024. Busia hadi Mbale

Nimekula daku, nikaswali alfajiri, nikatoka na begi la mgongoni na bahasha ya karatasi arobaini. Hizo karatasi ndizo zinazonisafirisha. Shirika moja dogo limeniomba niandike kwa Kiswahili kijikaratasi cha dalili za kifua kikuu, kisha nikakisome mbele ya watu wenyewe huko Moroto, mkoa wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, nione kinaingia au kinapita juu ya vichwa. Kwa nini Kiswahili, na Wakaramojong wana lugha yao? Kwa sababu huko askari wanakisema, wenye maduka wanakisema, madereva wa malori ya marumaru wanakisema, na Waturkana wanaovuka kutoka Kenya kutafuta malisho wengi wanakijua. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Sisi watu wa mpakani hatukungoja baraza.

Niseme na hili, maana linahusu safari yote. Nilipopigiwa simu kuhusu kazi hii sikuuliza malipo kwanza. Mwaka 2006 niliugua TB mimi mwenyewe. Dawa wakati huo zilimezwa miezi minane. Mwezi wa tatu nikapata nguvu, shati likaanza kunikaa, nikaona vidonge vinanichosha bure, nikaacha. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Mwaka haukuisha ugonjwa ukarudi, na safari hiyo nikapewa vidonge pamoja na sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Ilifika mahali nesi akiniuliza, "Leo upande gani?", namwambia achague yeye. Utaratibu ule wa sindano Shirika la Afya Duniani liliuondoa mwaka 2017. Sijasikia mtu akiulilia.

Njia ya Tororo naijua kwa mashimo yake, sina la kuandika. Nimefuturu msikitini Mbale kwa tende na uji wa pilipili manga, nimelala mapema.

Jumatano, 13 Machi. Mbale hadi Moroto

Basi limejaa mpaka mlangoni. Msafiri kisheria anaweza kula mchana, na mama muuza rolex wa stendi alinikumbusha hivyo mara tatu huku akikunja chapati na yai mbele ya pua yangu. Nimejikaza.

Mlima Elgon ukabaki nyuma, Kadam ukajitokeza mbele umevaa ukungu, halafu nyika. Nyasi za Machi zimekuwa rangi ya ngozi ya simba na vumbi linaingia kila tundu. Kondakta akapita akifunga madirisha. Nyuma yangu mzee mmoja anakohoa ndani ya shuka lake, kikohozi kile cha chini, kinachoanza kama mtu anayesukuma kabati. Nikafungua dirisha langu.

"Mwalimu, funga, vumbi litaniulia mtoto," akasema mama aliyekaa pembeni yangu na kichanga mgongoni.

"Mama, vumbi litamchafua tu."

Zaidi ya hapo sikuweza kusema. Ningesema nini, ninyooshe kidole kwa mzee wa watu? Huenda ni vumbi hilo hilo linalomkohoza. Lakini ninajua ugonjwa ule unavyosafiri. Hauko kwenye kikombe wala sahani wala kupeana mkono. Uko kwenye hewa. Mtu mwenye vimelea mapafuni akikohoa, akiimba, hata akizungumza, hutoa vitone visivyoonekana ambavyo huelea muda mrefu mahali palipofungwa. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka. Wengi wao hawataugua: inakadiriwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na kati yao ni 5 hadi 10 katika kila 100 watakaougua maishani mwao, wengi zaidi wakiwa wenye virusi vya UKIMWI, wenye njaa na watoto wachanga. Kama huyo wa mgongoni.

Tulipatana dirisha libaki wazi upana wa kiganja. Mtoto alifika Moroto mwekundu kwa vumbi kama tofali, analala fofofo.

Jioni msikitini nimekaa na wenye maduka, Wanubi na Wasomali. Mmoja akanivuta kando: ndugu yake yuko kwenye dawa za TB, afunge au asifunge? Nikamwambia mimi ni mtu wa maneno, kesho nitamwuliza sista wa afya nitakayesafiri naye. (Sista alijibu hivi: dawa ni mara moja kwa siku, anaweza kuimeza wakati wa daku, lakini kama amedhoofika ale, maana Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Yeye ni Mkatoliki. Nilipenda alivyojibu.)

Alhamisi, 14 Machi. Moroto

Asubuhi yote nimekuwa maabara ya hospitali ya rufaa. Nilitegemea kukuta mtambo. GeneXpert, mashine ya kupimia TB, ni kisanduku unachoweza kukibeba kwa mikono miwili, chenye vijimlango vinne mbele kama kabati la barua. Kijana wa maabara alinionyesha hatua kwa hatua. Makohozi yanachanganywa na dawa maalumu, sehemu mbili za dawa kwa moja ya makohozi, yanatikiswa, yanaachwa robo saa hadi yawe maji. Mililita mbili zinaingizwa kwenye kasha la plastiki, kasha linaingia kijimlangoni, mlango unafungwa. Baada ya saa moja na nusu hivi, mashine inajibu maswali mawili kwa mpigo: je, vimelea vya TB vipo, na je, vinakaidi dawa ya rifampisini?

"Darubini je?"

"Darubini bado tunayo, mzee. Ila hiyo inataka vimelea maelfu katika kila mililita ndipo uvione. Mgonjwa mwenye vichache unamwambia huna kitu, anarudi nyumbani kukohoa."

Sampuli inayokaidi dawa husafirishwa Kampala, kwenye maabara ya taifa ya TB, ambayo tangu 2013 imepewa hadhi ya kupima na kusimamia hata maabara za nchi nyingine. Na kutoka vituo vidogo kuja hapa vikopo huletwa na waendesha pikipiki wenye sanduku la baridi nyuma ya kiti. Uganda ilianza mpango huo wa pikipiki zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa ajili ya damu za watoto waliozaliwa na mama wenye virusi. Nimekaa na mmoja wao kivulini. Anaujua mkoa kwa mito mikavu: huu unapitika, huu ukinyesha milimani unakaa hadi jioni. Pikipiki yake ina mkanda wa mpira wa baiskeli ulioshika kifuniko cha sanduku. Mimi nikiulizwa mapambano na TB yanafananaje, nitachora mkanda ule.

(Nanakili daftari hili mwaka 2025. Januari mwaka huu serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na kati ya watu niliosafiri nao wawili hawako tena kazini. Pikipiki ipo. Mafuta yake ndiyo huombwa.)

Mchana daktari mmoja alinipa hesabu nilizokuwa sizijui vizuri. Uganda haikuwahi kuhesabu wagonjwa wake nyumba kwa nyumba hadi utafiti wa 2014 na 2015. Ulikuta watu 253 wenye TB kwa kila 100,000, zaidi ya ilivyokuwa ikikadiriwa. Wanaume walikuwa karibu mara nne ya wanawake. Na bado ukiingia kliniki yoyote, benchi limejaa akina mama. Ndiyo maana tangu 2022 Wizara ya Afya imekuwa ikitoka yenyewe mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, kwenda vijijini kuwauliza watu kikohozi. Na Karamoja ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa ugonjwa huu.

Ijumaa, 15 Machi. Rupa

Siku ndefu. Tumetoka na gari moja: dereva, sista, kijana wa maabara, mimi, na mama mmoja wa hapa Rupa ambaye ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji wa kujitolea. Nitamwita Mama VHT, kama kila mtu anavyomwita.

Rupa ni mawe. Huku vijana wanapasua marumaru, kule akina mama wanachekecha mchanga wakitafuta dhahabu, na vumbi la mawe ni rafiki wa TB, hilo linajulikana tangu zamani. Maboma yamezungushiwa uzio wa miiba na milango ya nyumba ni mifupi mno. Nimeingia mmoja kwa magoti. Ndani giza, joto la moshi, hakuna dirisha, na watu sita hulala humo. Nimetoka kinyumenyume nikiwaza lile dirisha la basi.

Tukakusanyika chini ya mti. Nikasimama na kijikaratasi changu kizuri, nikasoma swali la kwanza: "Je, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi?" Mama VHT akageuza kwa Kikaramojong. Kimya. Hakuna aliyekohoa. Watu sitini, na wakati huohuo watatu wanakohoa mbele yetu.

Mama VHT akanigeukia. "Mwalimu, wiki ya nani?"

"Wiki ya nani vipi, mama?"

"Wewe wiki yako ina Jumapili. Hawa wiki yao ni mnada wa ng'ombe. Waulize minada."

Akauliza mwenyewe: nani amekohoa tangu mnada uliopita, na ule wa kabla yake? Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja, kama watu wanaokumbuka deni.

Kuanzia hapo niliukunja mgongo nikawa mwanafunzi. Swali la jasho la usiku: mwezi wa tatu hapa kila mtu hutokwa jasho. Tukasema jasho linalolowesha ngozi unayolalia. Swali la kupungua uzito: mizani iko wapi? Bibi mmoja akasaidia, akaonyesha bangili yake, akaisukuma juu ya mkono ikapita kiwiko. Zamani ilikuwa haipiti. Nikaandika: "Bangili inapita pasipopita zamani? Mkanda wa shanga umelegea?" Hayo maneno "kifua kikuu" nayo yakanitia aibu. Mzee mmoja aliyewahi kuishi na wanajeshi, anayejua Kiswahili cha amri, akauliza: "Kikuu? Hapa mkuu ni mimi. Basi hicho kifua ni changu?" Watu wakacheka hadi mbwa wakaamka. Wanasema TB tu, kama askari wanavyosema, na mimi nimefuta.

Halafu vikopo. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba neno "makohozi" halina kazi bila mtu wa kulionyesha. Bibi wa kwanza alipokea kikopo chake, akageuka kwa heshima, akatema, akarudisha. Kijana wa maabara akakiinua kwenye jua. Kulikuwa na kitu cheupe chepesi chenye mapovu.

"Hii ni mate, bibi. Mate yanatoka mdomoni. Tunataka ya ndani."

Sista akavua barakoa yake, akasogea mbali upande upepo unakoelekea, akawaonyesha kwa mwili wake. Anasukutua maji, anatema. Anavuta pumzi hadi mabega yanapanda, anaishika, anaiachia. Tena. Mara ya tatu anakohoa kutoka tumboni, mikono imeshika mbavu. Watoto wakamwiga wote, kijiji kizima kikawa kinakohoa kwa mzaha. Bibi akajaribu tena nyuma ya mti. Safari hii kikopo kikarudi na kitu kizito cha manjano, kinachovutika kama mlenda. Kijana wa maabara akatabasamu kama aliyepewa zawadi. Kazi hii inabadilisha mtu.

Mwisho akaja mtu ambaye hakukaa na wengine. Kijana wa miaka thelathini hivi, shuka begani, akala za tairi miguuni, kigoda kidogo cha mbao mkononi. Alichukua kikopo bila kuelezwa, akaenda mbali sana, akarudi nacho kimejaa vizuri. Akaninong'oneza kwa Kiswahili:

"Mwalimu, hii majibu yake inatoka lini?"

"Kesho. Wewe si wa hapa?"

"Mimi ni wa Loima, Turkana. Ng'ombe iko Kobebe. Nilikuja kununua unga."

Sista akaandika jina na namba yake ya simu, namba ya Kenya. Nikamwomba angoje hadi kesho. Akatazama jua kama mtu anayetazama saa, akajitwisha unga, akaondoka.

Jumamosi, 16 Machi. Moroto

Vikopo tisa. Viwili vimekataliwa, mate. Sita havina kitu. Kimoja kina vimelea, vingi, na rifampisini inavimudu. Ni kile cha kijana wa Loima.

Tumepiga ile namba tangu saa tatu asubuhi. Mteja hapatikani. Adhuhuri hapatikani. Kobebe hakuna mtandao, akasema dereva, labda apande kichuguu.

Kukawa na mabishano kidogo. Mmoja wetu akasema tuache ujumbe kituoni, atapita tena kununua unga, watu wa Kobebe hupita. Mama VHT alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua kichwa. "Huyo hangojwi. Huyo hufuatwa. Mvua ikishuka atavuka mlima aende kwao, nawe utabaki na karatasi yake."

Sikusema neno. Mwaka 2006 nilikaa miezi tisa hatua mia tatu kutoka kituo cha afya nilichoacha kwenda. Hatua mia tatu, si Kobebe. Walikuwa na jina langu, walijua nyumba, walinunua mandazi kwa jirani yangu. Sikuwakasirikia wakati ule kwa sababu nilifurahi kuachwa. Hasira imekuja baadaye, na bado sijui niielekeze wapi, maana mwenye mguu wa kwenda nilikuwa mimi.

Kesho twende, akasema sista. Dereva akahesabu mafuta.

Jumapili, 17 Machi. Kobebe

Tumetoka alfajiri. Kambi ya jeshi njiani walitaka kujua tuendako na nani. Tangu Julai 2021 kuna operesheni ya kunyang'anya silaha iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Nilimwambia afande kwamba jina lake halina kosa la sarufi. Hakucheka.

Kobebe ni bwawa, na wakati wa kiangazi ni mji. Sijapata kuona ng'ombe wengi vile. Wamatheniko na Wajie wa hapa Karamoja, na Waturkana waliovuka kutoka Kenya, kila mmoja na kambi yake ya mifugo, wanayoiita awi. Uhasama wao ni wa zamani, na amani yao ina umri vilevile: Wamatheniko na Waturkana walipatana Lokiriama mwaka 1973, na Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walikutana Moroto, makubaliano ya mpakani yakatiwa sahihi. Siku hizi sharti la Waturkana ni kuacha bunduki upande wao. Maji yanagawanywa kwa zamu. Vimelea havijui zamu.

Mama VHT ndiye aliyempata. Kikaramojong na Kiturkana ni ndugu, kwa hiyo aliuliza njia nzima bila kunihitaji: kijana wa Loima, mwenye kigoda chenye pete ya shaba, aliyekuja na unga jana. Awi ya nne tukaelekezwa. Tulimkuta ameegemea mti, joto la homa usoni, wazee watano wamekaa karibu yake wakivuta ugoro. Mama VHT akafungua mdomo aanze kueleza. Kijana akamkatiza, akanitazama mimi.

"Mwalimu, sema na mimi Kiswahili."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini Ijumaa aliniendea mimi. Kiswahili ndiyo lugha pekee kati yetu ambayo wale wazee hawaijui. Miaka yote nimefikiri kazi ya lugha yangu ni kufikisha neno kwa watu wengi. Leo imekuwa mlango wa kufunga. Tukasogea kando, mimi, yeye na sista, na nikamweleza.

"Wasiseme niondoke kwa ng'ombe," akasema.

"Huondoki. Dawa itakuja hapa."

Sista akatafuta jiwe bapa, akaweka mizani. Kilo 47. Uzito huo ni vidonge vitatu kwa siku, kila kimoja kina dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi miwili hivyo, kisha miezi minne ya dawa mbili. Akampima na virusi vya UKIMWI, na majibu ya kile kipimo ni yake, sitayaandika. Akamhesabia vidonge vya siku 14, arobaini na viwili, rangi ya matofali. Vitatu vya kwanza akameza mbele yetu, akavisindikiza na maziwa ya kibuyu. Maziwa mabichi. Sista akavuta pumzi: TB ya ng'ombe hupita kwenye maziwa yasiyochemshwa, mashine yetu haiwezi kuitofautisha na hii nyingine, na kwa asili yake haiguswi na pirazinamidi. Akashauri wachemshe. Wazee, waliokuwa wanasikiliza hiyo sehemu kwa kutafsiriwa na Mama VHT, walicheka hadi ugoro ukawapalia.

Nikafika kwenye mkojo. Rifampisini hugeuza mkojo rangi ya chungwa, na asiyeambiwa hutupa dawa siku ya pili. Mimi mwenyewe mwaka ule nilidhani natoa damu. Nikamwambia: utakojoa mwekundu, usiogope.

Akashtuka kweli. "Ng'ombe akikojoa nyekundu, siku tatu amekufa."

Sikuwa nimewaza hilo. Ni ugonjwa wa kupe, wafugaji wote wanaujua. Kijikaratasi changu kinasema "usiogope" kwa mtu ambaye ameona mkojo huo ukimaliza mali ya baba yake. Nikageuka kumtazama sista, sista akanitazama. Mwishowe nikamwambia: "Ng'ombe hukojoa nyekundu kwa sababu damu yake inavunjika. Wewe ni rangi ya kidonge tu, kama vile kitambaa kipya kinavyotoa rangi ukikifua. Ukiona mkojo umekuwa mweupe, ujue hujameza." Akafikiri. Akaomba kidonge, akakilowesha kwa mate, akakisugua kwenye kiganja. Kikaacha alama nyekundu. Akanionyesha kiganja, akatikisa kichwa: sawa. Kile kidonge sista alimpa kingine badala yake.

Ilibaki nani atamkumbusha. Utaratibu unataka msimamizi, mtu anayemtazama akimeza. Mama VHT akapendekeza mkuu wa awi. Kijana akakataa, akamwita mdogo wake, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi. Nikauliza kama anajua kusoma.

"Hajui. Lakini anahesabu ng'ombe mia mbili jioni, na moja ikikosa anajua ni gani."

Akapewa kazi.

Kuna mke na watoto wawili Loima, mmoja chini ya miaka mitano. Hao wanapaswa kupimwa, na wakionekana hawana ugonjwa wapewe dawa ya kinga. Sista akaandika barua mbili kwa kituo chochote cha Turkana, moja ya mgonjwa kuhamishiwa huko mvua zikianza, nyingine ya familia. Aliandika kwa Kiingereza, akaniomba niandike chini yake kwa Kiswahili, asije akakutana na mlinzi wa geti kabla ya daktari. Kijana alizikunja mara nne, akazitia kwenye mfuko wa nailoni wa unga, akaufunga fundo, akautundika shingoni pamoja na shanga zake.

Tumerudi Moroto baada ya magharibi. Nimefuturu maji na ndizi garini. "Alakara," Mama VHT aliniambia aliposhuka. Asante. Nikamjibu kwa Kikaramojong changu cha siku tatu, akanisahihisha.

Jumatatu, 18 Machi. Moroto hadi Busia

Basi la alfajiri. Njia nzima nimekata na kuandika upya. Kijikaratasi kilikuwa na kurasa mbili, sasa ni nusu ukurasa: minada miwili, ngozi iliyolowa, bangili, makohozi yanayovutika kama mlenda, rangi ya kitambaa kipya. Waliokiagiza watasema hakifanani na kile cha Kiingereza. Ni kweli.

Jumapili, 31 Machi. Busia

Mama VHT amenipigia leo, kelele za Pasaka nyuma yake. Siku 14 ziliisha jana.

"Amekuja?" nikauliza.

Hakuja. Amekuja yule mvulana, kwa mguu na lori la marumaru, amebeba pakiti za vidonge amezitunga kwenye kamba kama shanga. Sista alizitandaza mezani wakahesabu matundu pamoja. Thelathini na tisa yako wazi. Vidonge vitatu vimebaki.

"Yaani siku moja imeruka," nikasema.

"Ndivyo. Mvulana anaijua siku yenyewe. Anasema ni ile ng'ombe mmoja alipotea, wakalala porini wakimtafuta."

"Walimpata?"

"Walimpata. Sista amempa pakiti nyingine, na hivi sasa anakula ugali hapa. Anauliza kama yule mwalimu wa Kiswahili atarudi."